Swali la Kerneli na Sauti ya Machage

Mimi nilisema. Na watu wa Tarime wanaonijua wanajua kwamba nikisema jambo, kisha likatokea, huwa sinyamazi. Nitalirudia mpaka mtu akimbie. Marehemu baba, aliyekuwa fundi cherehani hapa karibu na soko, alikuwa akiniambia, "Kauthar, wewe ukiwa na haki huna adabu." Haya, safari hii nilikuwa na haki, na ninatamani ningekosea. Wallahi ningekubali kuitwa mjinga mbele ya watu wote, ilimradi sauti ya yule kijana iwe palepale ilipokuwa.

Ubishi wenyewe ulikuwa wa mtihani. Nina chuo kidogo cha kompyuta, juu ya lile duka la vitambaa aliloacha baba. Vyuo vidogo vya huku kwetu tumejiunga, tunatunga mtihani mmoja wa usimamizi wa mifumo na kutoa cheti kimoja, ili waajiri wasituzungushe. Watungaji ni watatu. Mimi mmoja. Wa pili ni Rubeni, anayefundisha Nyangoto, kijiji kile kilicho pembeni ya mgodi mkubwa, mtu mpole hadi anachosha. Wa tatu ni Faridu, binamu yangu wa Mugumu, ambaye kura yake siku zote huwa upande wa mwenye chakula. Siku ya kikao nyama aliileta Rubeni, kwa hiyo ningepaswa kujua mapema.

Nilitaka swali moja tu liingizwe, la kerneli. Kwa asiyejua, kerneli ni kiini cha mfumo wa kompyuta. Ukiwasha mashine, ndicho kinachoamka kwanza, kama mama mwenye nyumba anayewasha moto wengine wakiwa bado wamelala. Kinagawa kumbukumbu, kinashika diski, kinaamua programu ipi iende na ipi isubiri. Kisipoamka hicho, hakuna kitakachoamka. Lakini vitu vyako vyote vinakuwa bado vimo ndani, vimelala tu. Hilo la mwisho ndilo nililotaka wanafunzi walijue mpaka walote.

"Mashine imebadilishiwa kerneli, imekataa kuwaka," nilisoma swali langu kwa sauti. "Irudishe kazini bila kugusa kilichohifadhiwa ndani."

Rubeni alijipangusa vidole. "Dada Kauthar, tuseme ukweli. Nani anagusa kerneli siku hizi? Wenye mfumo wanaileta imeshaiva, sisi tunapakua tu. Mtihani upime kazi ambayo kijana ataifanya, si kazi tunayojivunia sisi walimu."

"Ataifanya siku moja."

"Siku moja katika miaka!"

"Na siku hiyo moja ndiyo anayolipiwa mshahara, mura wewe! Siku nyingine zote hata mlinzi wa getini anaweza kubonyeza vitufe."

Faridu alicheka, lakini mkono wake haukutoka kwenye mbavu za mbuzi.

Rubeni hakucheka. Aliweka mfupa chini, akasema taratibu, "Swali hilo litaangusha nusu ya darasa. Wakianguka wa kwako hapa mjini, watauza simu. Wakianguka wa kule kwetu, wanarudi duarani. Unamjua Deus, au humjui?"

Nilimjua. Duara ndilo shimo la wachimbaji wadogo, na Deus nililetewa na mama yake akiwa bado na vumbi la duara kwenye nyusi. Mama huyo watu wanamwita Mama Machage, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alipanda ngazi za chuo changu polepole, kuku kwapani, akasimama mlangoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akasema neno ambalo sijalisahau.

"Mwalimu, nimekuletea huyu. Kaka yake alibaki chini."

Kwa watu wa Nyangoto maneno hayo yanatosha. Machage alikuwa fundi wa matimba, yaani ndiye anayesimamisha magogo ya kuzuia udongo usiporomoke. Udongo uliporomoka naye akiwa chini, pamoja na wenzake. Watu waliinama juu ya mdomo wa shimo, wakaita, wakasikiliza. Baadaye wenye duara wakasema hao wameshakufa, tusipoteze na wengine. Wakalifukia. Hakuna kaburi, hakuna msalaba. Leo juu ya pale kuna karasha la mtu, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, linanguruma kutwa.

"Mfundishe kazi yoyote inayofanyika juu ya ardhi," aliniambia yule mama. "Yoyote, Mwalimu. Mimi sichagui."

Hayo ndiyo Rubeni aliyonikumbusha siku ya kikao, na akayatumia vizuri, mnafiki yule. Tukapiga kura. Mkono wake ukaenda juu, wa Faridu ukaufuata na mafuta yake. Swali la kerneli likatupwa, na mahali pake likabaki la siku zote: mashine imekataa kabisa kuwaka, ufanyeje? Jibu kwenye mwongozo wetu: hakikisha nyaya, kisha sakinisha mfumo upya. Niliondoka pale bila kunawa mikono.

Hata hivyo somo nililifundisha. Ukali wangu hauniachi nikae bure. Niliwaita Jumamosi, nikachora ubaoni, nikaanza. Nikaona mkono juu.

"Mwalimu, hii inatoka?"

"Haitoki. Lakini itakusaidia kazini."

Jamani, mngewaona walivyofunga madaftari! Kwa adabu, taratibu, mmoja mmoja. Deus alikuwa na haya kuliko wote. Alikuja mpaka mbele, akasema, "Samahani Mwalimu, leo natakiwa kumpelekea mama unga." Nikamwambia aende. Kisichotoka kwenye mtihani hakisomwi, ndivyo ilivyo toka enzi zetu, na mimi mwenyewe nilifunga madaftari mengi kwa swali hilohilo.

Deus akafaulu kuwapita wote. Lile swali la mashine iliyokataa kuwaka nililisahihisha mwenyewe. Alijibu kama mwongozo unavyotaka, kwa mwandiko mzuri, nikampa maksi zote. Mama Machage alipokuja kukiona cheti alikishika kwa kingo, asikichafue. Aliniomba nimsomee jina. Nilipomsomea alipiga kigelegele mpaka wateja wa duka la chini wakatoka nje kutazama.

Redio yetu ndogo ya hapa mjini ikamwajiri. Ni redio ya watu wa kawaida: bei za mahindi, matangazo ya misiba, salamu za wachimbaji kila wiki. Vipindi vyote vya tangu ilipoanzishwa vilikuwa kwenye seva moja, ile kompyuta kubwa inayoshika kila kitu, na Deus ndiye akawa msimamizi wake. Nilimtembelea wiki za mwanzo. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, anapepesuka kwa furaha kama aliyekunywa.

"Mwalimu, njoo usikilize kitu," aliniambia, akanivika spika za masikioni.

Sauti ya kijana ikaingia masikioni mwangu, karibu kabisa, nyuma yake makarasha yakisaga. Mtangazaji alikuwa amekwenda Nyangoto kurekodi salamu, na kijana huyo akaivamia maikrofoni. "Mimi ni Machage, fundi wa matimba! Namsalimu mama yangu. Mama, leo nitachelewa, usinisubiri. Na mwambie Deus asiguse kichwa cha samaki, ni changu!" Kisha wenzake wakaangua kicheko, naye akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu asiyedaiwa na yeyote.

Nilivua zile spika nikamtazama Deus. Alikuwa anatabasamu, macho yamejaa maji.

"Nimeikuta humu humu. Mama hajui kama ipo," alisema.

Basi akamwambia. Tangu hapo kila siku ya mnada Mama Machage alikuwa akiuza ndizi zake haraka haraka, bei yoyote, kisha anakwenda redioni. Walimwekea kiti kwenye kona. Deus alimvika spika juu ya kitambaa cha kichwa, naye alifumba macho akasikiliza, akaomba irudiwe, akasikiliza tena. Mara nyingine alimjibu. "Sawa," alikuwa anasema kwa sauti, peke yake, watu wa redio wakijifanya hawasikii. "Sawa baba, sikusubiri." Na nyumbani kwao, Rubeni aliniambia, Deus hakugusa tena kichwa cha samaki. Ulianza kama utani baina yake na mama, lakini mama alikuwa anakiweka kando kweli.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Siku moja asubuhi seva ilileta kerneli mpya, kama kawaida ya mifumo. Sehemu ya diski inayohifadhi kerneli huwa ni ndogo, na hiyo ilikuwa imejaa. Ile mpya ikaingia nusu, ikakwama, mfumo ukalalamika kwamba nafasi hakuna. Deus akafungua akatazama. Akakuta za zamani zimelala mle, moja, mbili, tatu, na hiyo mpya juu yake.

Mtu wa mahali pengine angesita. Deus hakusita, maana ni mtoto wa Nyangoto. Kule kwao duara jipya likishafika kwenye mwamba, la zamani linafukiwa bila kuchelewa. Ukiliacha wazi, wezi watapita humo waje kukuchotea mawe, au jirani atadai shimo ni la kwake na ugomvi wa ardhi uanze, mapanga yatoke. Mtoto wa pale anajua hilo kabla ya kujua kusoma. Jipya likifunguliwa, la zamani fukia, huo ndio usafi wa kazi. Basi akazifuta za zamani zote, hata moja hakuacha, akaiwasha seva upya.

Kwenye kerneli ni kinyume chake kabisa. Ya zamani unaiacha makusudi, ili mpya ikigoma, uamkie ile. Ndilo jambo nililolichora ubaoni ile Jumamosi, darasa likiwa tupu.

Mashine haikuamka. Kioo cheusi, maandishi meupe. Redio ikanyamaza. Meneja akaja juu, mtangazaji akaja juu, kuna matangazo ya misiba mawili yanasubiri na watu wa Kemambo wameshaanza kupiga simu kuuliza mazishi ni wapi. "Deus, vipi? Deus, fanya kitu!" Kijana alikagua nyaya. Akawasha tena, ikagoma tena. Akaamini diski imeharibika, vilivyomo vimekufa vyote. Na mashine ikikataa kabisa kuwaka, ufanyeje? Alilijua jibu. Alikuwa amelipatia maksi zote. Akasakinisha mfumo upya, na ulipomuuliza kama afute kila kilichomo, akasema ndiyo.

Redio ikarudi hewani kabla ya taarifa ya habari ya mchana. Meneja alimpiga mgongoni, akamnunulia soda, wafanyakazi wakampigia makofi. Wakarudisha nyimbo kutoka kwenye flashi za watangazaji, maisha yakaendelea. Ni jioni, wengine wakiwa wameondoka, ndipo Deus alipomkumbuka kaka yake, akalitafuta faili lake, huenda limesalia. Halikuwepo.

Alikuja kwangu kesho yake na ile diski kwenye mfuko wa rambo; redioni alikuwa ameweka nyingine. Hakukaa. Aliniambia yote, bila kujitetea, akanionyesha picha ya kile kioo aliyoipiga kwa simu yake. Niliitazama picha hiyo. Ilikuwa kerneli, kerneli tu. Ningekuwepo pale ningechomeka flashi ya kuwashia, nikairudisha ile ya zamani, na chai yangu isingepoa.

Niliihangaikia ile diski. Niliacha kufundisha, nikajifungia ofisini na programu zote ninazozijua za kufukua vilivyofutwa. Nilipata vipande. Nilipata tangazo la rangi za nyumba. Nilipata msiba wa mzee wa Morotonga, nusu yake. Nilipata mtoto wa shule akiimba, na bei ya mahindi ya mwaka uliopita. Makarasha niliyasikia mahali fulani, nikaruka kwenye kiti. Yalikuwa makarasha tu, hakuna aliyesema kitu juu yake. Palipokuwa Machage pameshaandikwa mfumo mpya na nyimbo za dansi.

Nilipomwambia Deus kwamba nimeshindwa, alitikisa kichwa, kama aliyekuwa anajua.

"Mwalimu, nikuulize. Diski ilikuwa imekufa kweli?"

Hapo ndipo mtu mwenye busara angedanganya. Ningesema ndiyo, ilikuwa imekufa, mambo ya umeme wa Tarime haya, na kijana angelala. Lakini alikuwa mwanafunzi wangu, na aliniuliza swali la kazi.

"Haikuwa imekufa," nikasema.

"Kaka alikuwemo?"

"Alikuwemo. Kila kitu kilikuwemo. Kilichokosekana ni cha kukiamsha tu."

Alikuwa anakunja ule mfuko wa rambo, anaukunja, anaukunja.

"Hata kule duarani walisema hivyohivyo," alisema hatimaye. "Wameshakufa, fukieni."

Nilimshika bega, akalitoa mkononi mwangu kwa upole, akashuka ngazi. Redioni hakurudi. Siku ya mnada mama yake alikuwa amekwenda, amekaa kwenye kiti chake, amesubiri. Walimwambia mashine ina matatizo. Akasema basi atakuja mnada mwingine, labda itakuwa imepona.

Rubeni alinifuata chuoni, uso umemshuka. Alikuwa amesikia. "Dada yangu, ulisema," alianza. "Majuto ni mjukuu..."

"Usiniletee methali, Rubeni!" nilimkatiza. "Zimwagie kuku."

"Tuitishe kikao Jumatatu. Swali la kerneli lirudi. Nimeongea na Faridu, amekubali, hata hajauliza chakula. Umeshinda."

Nilisubiri nifurahi. Miezi yote ile nilikuwa nimeiota siku Rubeni atakaponiambia neno hilo, nilikuwa hata na majibu yangu ya kejeli. Sikufurahi kitu. Ilikuwa kama kushinda kesi ya shamba ambalo mto umeshalibeba.

"Deus yuko wapi?" nikamuuliza.

"Yuko nyumbani kwao. Amepata timu ya wachimbaji. Kesho anashuka duarani."

Niliruka kwenye pikipiki ya kwanza niliyoiona, sikuaga mtu. Njia nzima mpaka Nyangoto nilikuwa namgombeza Deus kichwani, na nikimmaliza yeye naanza na Rubeni, kisha najigombeza mwenyewe kwa kuwa sina mwingine. Dereva aliniuliza kama ninasali. Nikamwambia atazame barabara.

Niliwakuta uani. Mama Machage alikuwa anasonga ugali, sufuria ya samaki pembeni, na makarasha ya jirani yakivuma hivi kwamba lazima uinue sauti. Deus alikuwa amekaa kwenye kigoda akijaribu tochi ya kichwani. Miguuni alikuwa amevaa mabuti. Yalikuwa makubwa kwake, na sikuhitaji kuuliza yalikuwa ya nani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu! Umekuja wakati mzuri, ugali unaiva. Nimenunua sato." Kisha akaniuliza, akiendelea kusonga, "Ile mashine imepona?"

Nilimtazama Deus. Alikuwa ameinamia tochi yake. Nikaelewa kwamba hajamwambia, na kwamba asingeweza.

"Mama, mashine imepona," nikasema. "Lakini sauti ya Machage haikupona. Nimeitafuta kwa kila njia ninayoijua. Haitarudi."

Mwiko ukasimama. "Imefukiwa?"

"Ndiyo, mama."

"Ni mimi niliyeifukia," Deus alisema kwa nguvu, akasimama na yale mabuti yake. "Mama, ni mimi. Hakuna mwingine. Nilifuta kila kitu kwa mkono wangu, na wakanipigia makofi. Ile kazi siistahili, cheti kile sikistahili. Mwalimu, lile swali liwekeni kwenye mtihani. Wekeni, mtu kama mimi asipite."

"Swali gani?" mama yake aliniuliza.

Nilieleza kadiri nilivyoweza. Kwamba kuna jambo la ndani la mashine ambalo mimi nilitaka tulipime kwenye mtihani, na wenzangu hawakutaka. Kwamba angelijua, sauti ingekuwepo. Nilijisikia nikisema "mimi nilitaka", na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilichukia kuisikia sauti yangu mwenyewe.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuepua ugali, akaufunika, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Siku ile ya mtihani mngemuuliza, angejibu?"

Nilimwona Deus wa wakati ule, vumbi kwenye nyusi, anaandika kwa vidole vigumu, kila neno jipya. "Hapana, mama. Siku ile angeshindwa. Asingepata cheti."

"Angekuwa wapi leo?"

Makarasha yalisaga. Mwenye kujibu alikuwa Deus.

"Chini," alisema.

Mama Machage akaketi. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, akayaacha yashuke, akawa anatazama upande ule ambako karasha liko juu ya mwanawe. Mimi nililia zaidi yake, sioni haya kusema. Nilililia lile faili, nikalilia kikao chetu, na kura ya Jumatatu ambayo niliitaka sana na sasa sijui nitaunyoosha mkono wangu upande gani.

Baada ya muda akavuta sahani. Akakata ugali. Akafunua sufuria, akatoa kile kichwa cha sato, kikubwa, kimeiva vizuri, akakiweka kwenye sahani ya Deus.

Deus alirudisha sahani nyuma. "Mama, hicho si cha..."

"Kula."

"Mama, ni cha kaka."

"Aliniambia atachelewa," alisema. "Ameshachelewa mno. Kula wewe, mwanangu. Na kabla hujala vua hayo mabuti, unipe niyaweke ndani. Kesho una kazi Tarime."

Deus akainama, akayavua mabuti, moja baada ya jingine, akampa mama yake. Akanawa mikono, akala.